Sukari ya Bi Trei

Sebuleni kwa shangazi yangu, juu ya redio, kuna fomu ya kuhamisha umiliki wa ardhi iliyotiwa kwenye fremu ya kioo. Imejazwa kwa wino wa bluu, ina sahihi tatu, na imegongwa mhuri wa ofisi. Ardhi yenyewe haipo. Wageni wanaokuja mara ya kwanza huisoma, hukunja uso, huisoma tena, kisha humgeukia shangazi. Yeye huwauliza kama chai yao iko sawa au waongezewe sukari, halafu hucheka peke yake.

Shangazi alikuwa karani wa masijala katika ofisi ya ardhi kwa miaka thelathini na mmoja. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja la kuhudumia watu, rafu zilizopanda hadi darini, na ile harufu ya karatasi zilizokaa pamoja muda mrefu mno. Kazi yake kubwa ilikuwa kunakili hati zilizochakaa. Mwandiko wake ulisimama wima, herufi zote kimo kimoja, kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Humo ndani alijifunza jambo moja lililomfaa kuliko masomo yote aliyosoma: mtu akipewa karatasi yenye mwandiko mzuri, haisomi. Huitazama, huridhika, hutia sahihi.

Kazi ikiisha alikwenda kuigiza. Kikundi chao kilikutana katika ghala la zamani la saruji lililogeuzwa ukumbi. Hata baada ya miaka mingi, ukipiga mguu kwa nguvu jukwaani, vumbi jembamba la kijivu liliinuka na kukaa kwenye nyusi za waigizaji, wakazeeka mbele ya macho yako. Mbao za jukwaa zililia mahali pawili. Wote walijua pa kukanyaga.

Siku ya kwanza alipofika, mwongozaji alimwona akivuka jukwaa na birika na vikombe sita kwenye trei bila kumwaga hata tone. Basi, kwisha habari yake. Tangu siku hiyo kila mchezo uliokuwa na sebule ulikuwa na mtumishi, na kila mtumishi alikuwa shangazi. Aliingia, akasema, "Chai tayari, bwana," akatoka. Michezo minane, trei nane. Watazamaji wakambandika jina, Bi Trei, na baba yangu, ambaye ni kaka yake, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Dada, miaka yote hiyo ungebeba trei hotelini, leo ungekuwa meneja."

"Na wewe miaka yote hiyo ungefunga mdomo, leo ungekuwa na akili."

Lakini lilimchoma. Alijua ana maneno. Alikuwa nayo tele, yamemjaa kifuani, wala hakuna aliyemwomba hata moja.

Sasa nieleze jinsi walivyofanya kazi, maana kosa lao lilianzia hapo. Mwandishi wa kikundi alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja katika mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa basi. Wote walimwita Mwalimu tu, kwa sauti ya chini kidogo, kama watu wanaopita karibu na mgonjwa aliyelala. Aliandika michezo yake kwa penseli katika madaftari ya shule, kwa mwandiko wa kuku aliyekanyaga matope, akayatuma kwa posta. Mazoezini hakufika hata siku moja. Alikuja siku ya onyesho la kwanza, akakaa kiti cha mbele katikati, mikono miwili juu ya mpini wa mwavuli.

Madaftari hayo yalifikia kwa shangazi. Yeye ndiye aliyetoa nakala safi kwa ajili ya mwongozaji. Kisha alimwandikia kila mwigizaji kijitabu chenye maneno yake peke yake, na kabla ya kila jibu, maneno matatu ya mwisho ya yule anayemtangulia. Hayo matatu waliyaita mkia. Ukisikia mkia wako, unasema. Hakuna aliyekuwa na mchezo mzima isipokuwa mwongozaji, na mchezo wa mwongozaji ulitoka mkononi mwa shangazi.

Mwongozaji naye mchana alikuwa mkaguzi wa mizani, na tabia ya mizani ilimfuata hadi jukwaani. "Neno la mwandishi ni kilo," alipenda kusema. "Huongezi, hupunguzi." Aliwahi kumfukuza kijana mmoja mwenye kipaji kwa sababu aliongeza neno "jamani" katika sentensi ya Mwalimu. Jamani tu. Akafukuzwa na viatu vya mchezo bado miguuni.

Siku shangazi alipovunja sheria hiyo, alikuwa masijala, saa ya chakula, anamenya yai la kuchemsha. Mbele yake lilikuwa daftari la mchezo mpya. Bwana mwenye nyumba anawapokea wakwe watarajiwa, anawadanganya kuhusu mashamba asiyokuwa nayo, anawasifu mpaka kamasi zao. Mtumishi anaingia: "Chai tayari, bwana." Shangazi aliitazama sentensi ile kama mtu anavyoutazama mlango wa chumba alichofungiwa. Yai lilipoisha kumenywa, alikuwa ameshaandika kwenye nakala safi: "Chai tayari, bwana. Sukari nimeiacha jikoni, maana humu ndani maneno yameshakuwa matamu ya kutosha."

Mwongozaji alitazama ule mwandiko, akaridhika.

Siku ya onyesho shangazi aliingia na trei yake. Alipofika kwenye sukari, ukumbi ulipasuka. Watu waligonga mabenchi, mama mmoja akamlalia jirani yake begani, vumbi la saruji likashuka kutoka darini. Kiti cha mbele, Mwalimu aliangalia juu, akaangalia magoti yake, kisha akacheka, amechelewa kidogo kama mtu anayejibu salamu asiyoitarajia.

Onyesho lilipoisha watu walimzingira Mwalimu pale mlangoni. Shangazi alikuwa anakusanya vikombe hatua tatu kutoka hapo.

"Mwalimu, ile ya sukari! Uliitoa wapi ile?"

Mwalimu akavuta pumzi. "Ile," akasema, "ilinichukua wiki mbili."

Vikombe sita vililia kwenye trei. Tone halikumwagika.

Ningependa kusema shangazi alikasirika. Yeye mwenyewe anasema alifurahi kwanza, maana alikuwa salama, na hasira ilikuja asubuhi, wakati anapiga mswaki. Wiki mbili! Kitu kilichomchukua yai moja! Lakini angesema nini? Kudai sentensi ile ni kukiri kosa, na kukiri kosa ni kutoka mlangoni na viatu vya mchezo miguuni. Alichotaka ni mtu mmoja tu aseme hadharani kwamba maneno yale ni yake. Na mtu pekee aliyeweza kusema hivyo ndiye aliyekuwa ameyameza.

Basi akafanya kile ambacho mtu mtundu hufanya akikosa haki: akazidisha. Mchezo uliofuata aliongeza sentensi tano, si za mtumishi peke yake. Uliofuata, alikata hotuba ya kurasa nne juu ya umoja, na mke wa mhutubiaji akapewa neno moja la kumjibu: "Nimekusikia. Sasa kula." Aliziba mashimo pia, maana Mwalimu alikuwa msahaulifu, watu wake walikufa na kufufuka bila taarifa. Kila onyesho Mwalimu alikaa mbele na mwavuli wake, akasikia asichokiandika, akapongezwa, akapokea. "Ile ilinichukua mwezi mzima." "Ile, ndugu zangu, ilinitia homa." Miaka minne, michezo sita. Hawakuzungumza jambo hilo hata mara moja. Wakikutana, yeye alisema, "Bi Karani, hujambo," naye akajibu, "Sijambo, Mwalimu, shikamoo," na macho yao yalipishana kama watu wawili waliotoka dirisha moja na mzigo mmoja.

Mji ukajenga ukumbi mpya wenye viti vya kukunja na pazia linalojifungua lenyewe. Kikundi kikaalikwa kuuzindua, Jumamosi, saa kumi alasiri. Mwalimu alituma daftari lake nene kuliko yote, na pamoja nalo dibaji ya kuchapwa kwenye kijitabu cha wageni. Shangazi aliipokea masijala, akaisoma amesimama. Dibaji ilimshukuru mwongozaji. Iliwashukuru waigizaji. Ilimshukuru "karani wetu mwenye mwandiko safi." Na mwishoni ilisema: "Kila neno mtakalolisikia jukwaani ni langu mwenyewe."

Alikaa chini. Aliisoma sentensi ile ya mwisho mara kadhaa. Kisha akashika kalamu.

"Haya," akasema kwa sauti, rafu zikamsikia. "Kila neno."

Akanakili. Safari hii hakuongeza nukta, hakupunguza koma. Baba mdogo wa bwana harusi, anayesafiri sehemu ya kwanza ya mchezo na kuagwa kwa machozi, na sehemu ya tatu yuko mezani anakula bila mtu yeyote kushangaa, alimwacha akile chakula chake. Hotuba ya kurasa sita aliiacha kurasa sita. Palipoandikwa "aliondoka" mara mbili, aliandika mara mbili. Anasema haijawahi kumtoka kazi safi kama ile.

Baba mdogo aliigizwa na fundi saa, mtu makini, mwenye kijitabu chenye mikia yake tu. Wiki ya pili ya mazoezi ndipo alipogutuka.

"Samahani. Mimi nimerudi saa ngapi?"

"Kurudi wapi?" mwongozaji akauliza.

"Safari. Niliaga. Watu wamelia. Sasa nakula."

Mwongozaji alifungua nakala safi. Akapekua mbele, akapekua nyuma. Mwandiko ulimeremeta. "Mwalimu ana maana yake," akasema hatimaye.

"Maana gani?"

"Ingekuwa wazi ingekuwa maana gani? Hiyo ndiyo sanaa. Kula."

Fundi saa akala. Shangazi, pembeni na trei yake, alitazama ukutani kwa bidii kubwa.

Jumamosi ilifika. Ukumbi mpya ulinuka rangi na viatu vilivyopigwa dawa. Wakubwa walikaa mbele, Mwalimu katikati yao. Hotuba ya kurasa sita ilianza, na kufikia ukurasa wa tatu viti vya kukunja vilikuwa vimeanza kujikunja kimoja kimoja nyuma kule. Watu walikohoa kwa kupokezana. Fundi saa alipotokea mezani sehemu ya tatu, mtu mmoja katikati ya ukumbi akapaza sauti, "Baba mdogo, karibu! Safari ilikuwaje?" Ukumbi ukavunjika mbavu, lakini kicheko kile hakikuwa cha mchezo.

Kisha shangazi akaingia.

Walikuwa wanamjua sasa. Miaka minne walikuwa wamezoea kwamba Bi Trei akiingia, mambo yanachangamka. Kukohoa kulikoma. Mtu alimfinya mwenzake, sikiliza. Shangazi alifika katikati, akaweka trei.

"Chai tayari, bwana."

Wakasubiri. Ukumbi mzima ulijipinda mbele kama mtu anayenyoosha kikombe. Waigizaji nao walisubiri, ingawa mkia ulioandikwa vijitabuni mwao ulikuwa umeshatamkwa. Kiti cha mbele Mwalimu alikuwa ameuinamia mwavuli, na shangazi aliona midomo yake ikicheza bila sauti, ikimwomba.

Na alikuwa nayo. Anaponiambia hilo sauti yake hushuka. Sentensi ilikuwa ulimini, nzuri kuliko ya sukari, imemjia palepale. Angeitamka, mchezo ungepona, wenzake wangepumua, na yeye angebaki mwandiko safi hadi kufa kwake. Aliwatazama watu wote wale waliomnyooshea vikombe. Nimewahi kumuuliza sentensi ile ilikuwa ipi. Hasemi. Anasema iliingia tumboni na mpaka leo, mvua ikinyesha, inamchoma.

Aliinamisha kichwa, akatoka.

Jumatatu asubuhi Mwalimu alikuwa kwenye foleni ya masijala. Hakupanda basi la kurudi kwake. Alisimama na watu wenye mafaili hadi zamu yake ilipofika dirishani.

"Anayefuata," shangazi alisema bila kuinua macho.

"Umenihujumu."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenihujumu!"

"Faili namba ngapi?"

"Usinichezee, binti. Mbele ya wakubwa! Baba mdogo anakula kama mzuka!"

"Nimenakili kila nukta, Mwalimu. Daftari lako ninalo hapa, tulinganishe."

"Ndiyo hujuma yenyewe hiyo!"

Nyuma yake mtu mwenye kofia alikohoa. "Mzee, kama huna faili tupishe."

Mwalimu akasogeza uso karibu na dirisha, sauti ikapungua. "Kwa nini hukusema? Nilikuona. Ulikuwa nayo mdomoni."

"Nilikuwa na nini?"

"Yale maneno mengine."

"Ya nani?"

Mwalimu aligeuka kuitazama foleni. Shangazi akaweka kalamu chini.

"Sema, Mwalimu. Ofisi hii haipokei mali isiyo na mwenyewe."

Alimwona akihangaika. Anasema hapo ndipo alipomwonea huruma mara ya kwanza, kwa sababu aliona mtu mzima aliyevalia tai Jumatatu asubuhi, amepanga foleni kutafuta kitu asichoweza kukitaja. Miaka minne yule mzee alikuwa amekaa kiti cha mbele akisikiliza mtu bora kuliko yeye, na kila alipopigiwa makofi alijua.

"Ni yako," akasema.

"Sijasikia."

"Ni yako! Ya sukari ni yako. Ile ya 'Nimekusikia, sasa kula,' yako. Zote. Unataka nini sasa, nipige magoti?"

"Magoti hayahifadhiwi kwenye faili," shangazi akasema, akavuta droo, akampitishia karatasi. "Jaza fomu."

Mwalimu akaisoma. "Hii ni ya kuhamisha ardhi."

"Ndiyo tuliyonayo."

Akatoa penseli mfukoni. Shangazi akairudisha kwa kidole kimoja na kumpa kalamu yake mwenyewe. "Wino, Mwalimu. Penseli inafutika."

Mtu yeyote anaweza kuisoma pale juu ya redio. Mmiliki wa awali: jina la Mwalimu. Mmiliki mpya: jina la shangazi. Maelezo ya mali: "Maneno yote yaliyochekesha." Penye mipaka ya eneo Mwalimu alikwama, akatafuna kifuniko cha kalamu, kisha akaandika: "Haijulikani. Kila penye kicheko." Shangazi anakiri kwamba sentensi ile ni nzuri, na kwamba kama angekuwa anaandika hivyo siku zote, yeye asingegusa daftari lake. Sahihi ya shahidi aliiweka yule mwenye kofia, bila kusoma, kama watu wote.

Mwongozaji alipooneshwa karatasi ile alikaa chini kwenye ngazi za jukwaa. "Miaka minne," akasema. "Mimi, mkaguzi wa mizani."

"Na makofi umeyala miaka minne," Mwalimu akamjibu.

"Yule kijana niliyemfukuza kwa neno 'jamani'..."

"Mrudishe," shangazi akasema. "Nina kazi naye."

Mchezo wa kwanza wa shangazi ulipanda jukwaani mwaka uliofuata, kulekule kwenye ghala la saruji. Kwenye tangazo jina lake lilikuwa peke yake juu kabisa, kwa mwandiko wake mwenyewe, maana hakumwamini mchapaji. Kijana wa "jamani" aliigiza bwana mwenye nyumba. Mwalimu, aliyekuwa amestaafu, aliomba nafasi yoyote ile. Shangazi alimwandikia kijitabu chake: ukurasa mmoja, mkia mmoja, sentensi moja.

"Hii tu?" Mwalimu akauliza.

"Neno la mwandishi ni kilo, Mwalimu."

Siku ya onyesho aliingia na trei, vikombe vikigongana kama meno ya mtu mwenye baridi. Shangazi alisimama nyuma ya pazia. Mwalimu alifika katikati, akakanyaga ubao unaolia, akasema, "Chai tayari, bwana." Halafu hakutoka. Mwongozaji alishika kichwa.

"Na leo sukari," Mwalimu akaendelea, "nimeiomba kwa mwenyewe."

Wachache waliokumbuka walianza kucheka, na wengine wakawafuata bila kujua kwa nini, hadi vumbi la saruji likawaka kwenye taa. Kwa kweli ilikuwa nzuri. Haikuwamo kwenye kijitabu.

Baadaye watu walimzingira shangazi mlangoni. Mwalimu alikuwa anakusanya vikombe hatua tatu kutoka pale, masikio wazi.

"Bi Trei! Ile ya kuomba sukari! Uliitoa wapi ile?"

Shangazi akavuta pumzi, uso mkavu kabisa.

"Ile," akasema, "ilinichukua wiki mbili."

Nyuma yake kikombe kimoja kilianguka na kuvunjika.

Jumatatu, masijala ilipofunguliwa, Mwalimu alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Safari hii alikuja na kalamu yake ya wino.